HUO UKUTA BADO HAUJAPONA?

Mkono wangu uliingia ndani ya ukuta.

Sisemi uligusa. Sisemi uliteleza. Uliingia... vidole vyote mpaka kiganjani, kama mtu anayezamisha mkono kwenye unga uliolowa.

Nilipouvuta, ukatoka na plasta. Nyuma ya plasta kulikuwa na tofali jeusi, limelowa, linanuka kama chungu cha maji kilichosahaulika kwenye kona mwaka mzima.

Wanawake waliojaa chumbani wakaacha kukunja nguo.

Tulikuwa tumeingia chumbani kwake kutoa nguo za mama. Tulishamzika kijijini kwetu Sapiwi, matanga tulishaanua, na shangazi zangu walikuwa wamekuja Bariadi kugawana vitenge vyake kama desturi inavyotaka. Tulichofanya ni kusogeza kabati tu. Kabati la nguo, jamani.

Na hapo ndipo wifi yangu Violeth, mke wa mdogo wangu Joakim, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe:

"Huo ukuta bado haujapona?"

Nikageuka.

"Umesemaje, wifi?"

Akaanza kumbembeleza mtoto mgongoni.

"Violeth, nimekuuliza. Ukuta haujapona nini?"

Akamtazama mumewe, aliyekuwa koridoni akisaidia kubeba godoro. Joakim akatazama chini.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa saluni. Nyuso za watu nimezisoma kwenye kioo kuliko nilivyosoma vitabu. Anayedanganya namjua. Aliyefumaniwa namjua. Na ule uso uliokuwa koridoni ulikuwa wa mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe mama akiwa shambani.

Joakim alijua.

Na mama yetu alikuwa amekufa kwa kifua, ndani ya chumba kile.

...

Ngoja niwarudishe nyuma ili mnielewe.

Naitwa Kabula. Nina saluni yangu pale karibu na soko, Bariadi mjini. Wengine wanakuja kusuka, wengi wanakuja kusikia. Hakuna ndoa inayoyumba mjini hapa nisiijue kabla ya mshenga. Na nyumbani kwangu ni vilevile, hakukauki wageni. Sufuria yangu ndogo kuliko zote inatosha watu kumi. Baba yake Wema, binti yangu, alikuwa akisema amechoka kuishi stendi, mwisho akajiondokea zake. Hiyo ni habari nyingine, tuiache.

Mama yetu, Nyanjige, alikuwa akiishi Sapiwi na pumu yake. Ilikuwa ikimbana, tunapigiwa simu, Joakim anatafuta bodaboda, mama anawekwa katikati kama gunia, mpaka hospitalini Bariadi. Siku moja alifika midomo imegeuka rangi ya majivu. Daktari akatuambia tukichelewa tena vile, tusilaumiane.

Tukakaa kikao. Tukakubaliana mama ahamie mjini, karibu na hospitali. Lakini nilipokuwa nimepanga palikuwa chumba na sebule. Ikabidi tununue nyumba.

Mama mwenyewe ndiye aliyefungua zizi la ng'ombe wa baba wauzwe. Mnaojua Msukuma na ng'ombe wake mtaelewa nimesema nini hapo.

Sasa sikilizeni kosa letu la kwanza, na ni kosa la mkoa wetu mzima wa Simiyu.

Kwetu kila kitu kinasubiri pamba. Harusi inasubiri pamba. Bati linasubiri pamba. Hata anayetaka kuuza ng'ombe anasubiri, maana ndipo wanunuzi wanapokuwa na kitu mfukoni. Na pamba inauzwa kiangazi. Kiangazi cha Bariadi mnakijua, ardhi inapasuka mpaka ndala inaweza kuingia kwenye ufa usiione tena. Kwa hiyo sisi nyumba zote tunazikagua zikiwa kavu kama mbao. Hakuna anayenunua nyumba masika, kwa sababu masika hakuna mwenye uwezo. Nyumba inayolowa inajua kutusubiri.

Kosa la pili lilikuwa letu peke yetu.

Tulinunua ukweni.

...

Joakim ndiye aliyekuja na habari. Alinikuta saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja, anatabasamu.

"Dada, nyumba imepatikana."

"Ya nani?"

"Ya mzee Masunga."

"Masunga yupi, mkweo?"

"Huyo huyo. Anahamia Malampaka kwa watoto wake wakubwa. Kasema kuliko auzie watu baki, bora ibaki kwa ndugu."

Mzee Masunga ni baba yake Violeth. Na mwaka ule Violeth alikuwa amerudi kwao, maana Joakim hakuwa amemaliza ng'ombe wa mahari. Mzee alikuwa mkali. Alisema binti yake hakai kwa mtu kwa mkopo. Mdogo wangu alikuwa amekonda, anakula ugali wa jana, anajifulia mwenyewe, wateja wangu wanamcheka.

Basi tukaenda kuona nyumba. Tofali za kuchoma, bati jipya, vyumba vitatu, uwanja mpana nyuma. Kila mahali pananukia rangi mpya. Mimi nikaona huo ni ustaarabu. Nikasema moyoni, mzee huyu anajua kukabidhi.

Tukaonyeshwa sebule. Tukaonyeshwa chumba cha mbele na cha kati. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa, na pazia juu yake.

"Na kile?" nikauliza.

Joakim akanivuta kanga.

"Dada, hicho ni chumba cha wazazi wa mke wangu."

"Najua. Nataka kukiona."

"Unataka nionekane sina adabu? Mimi mkwe nikanyage anapolala mama mkwe?"

"Wewe baki nje. Nitaingia mimi."

"Na wewe si dada yangu? Si mkwe vilevile?"

"Joakim, tumekuja kununua nyumba au kusalimia?"

"Vyote viwili, dada. Punguza sauti."

Mzee Masunga akajifanya hasikii. Mkewe akaleta soda. Kisha akaleta kuku. Akapiga magoti kunawisha mikono.

Niambieni nyinyi mnaosoma, nani anakula kuku wa mkwe halafu anasimama kugonga ukuta wa mkwe? Desturi yetu haina njia ya kufanya hivyo. Mkwe ukiingia chumba cha wakwe zako umewavua nguo. Tukala, tukashukuru, wabeja sana, tukaondoka.

Ule mlango hatukuufungua.

Wiki hiyo hiyo Violeth akarudi kwa mumewe. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Hakuna aliyeuliza ng'ombe waliobaki wamelipwa na nani.

...

Tulihamia kwa sherehe. Nilipika pilau, nikachemsha michembe, viazi vyetu vya kukaushwa, kwa ajili ya wazee, sato wakatoka ziwani Lamadi wabichi kabisa. Mtaa mzima ulikuja. Hata ambao sikuwaalika walikuja, na hao ndio waliokula zaidi.

Mama alipofika alipita chumba kwa chumba, polepole, mkono ukigusa kuta. Kwenye chumba cha nyuma alikaa kidogo. Alipotoka akasema:

"Mimi nitalala hiki."

"Mayu, hiki nimempangia Wema. Wewe cha kati, karibu na mimi."

"Mtoto ndiye alale karibu na wewe. Mimi nataka huku, niwe mbali na kelele za wageni wako. Nyumba yako hii ni mnada."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Alikuwa amesema kweli.

Jirani mmoja tu hakuingia ndani siku ile. Bibi Benadetha, mjane, anaishi peke yake nyumba inayofuata, ng'ambo ya ua wa minyaa. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Alikaa nje kwenye mkeka, akala, akashukuru, akaondoka. Nilimkaribisha ndani mara kadhaa. Akasema hapana mjukuu wangu, hapa panatosha. Nikadhani ni maringo ya uzee.

Kisha mvua zikaja.

Mvua ya kwanza, rangi ya chumba cha nyuma ikatoa malengelenge, kama ngozi iliyoungua. Mvua ya pili, yakapasuka. Chini yake kukatoka chumvi nyeupe, imetanda ukutani kama mtu amerusha unga. Nikampigia Joakim. Alikuja mbio na fundi, mbio zile ambazo hajawahi kukimbia hata akiitwa kula.

"Ni mvua za mwanzo tu, dada. Nyumba inazoea."

"Nyumba inazoea? Imejengwa jana?"

"Tukipiga rangi ya mafuta itatulia."

Wakakwangua, wakasiliba, wakapiga rangi ya mafuta. Ukuta ukang'aa kama sahani. Nikatulia.

Baada ya hapo mama akatundika vitenge vyake ukuta wote. Akasema anataka chumba kipendeze. Kabati likasogezwa kwenye ile kona. Na harufu? Ndugu zangu, chumba cha mgonjwa wa kifua kinanuka dawa ya kuchua muda wote. Ukiingia unachosikia ni mkaratusi. Nyingine zote zimejificha nyuma yake.

Kikohozi kikaanza kupanda.

Tulimpeleka hospitali. Daktari akaniuliza:

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Mkaa."

"Ndani au nje?"

"Nje, ila moshi unaingia."

"Muepusheni na moshi na vumbi. Anapolala pakoje?"

"Pazuri sana daktari, nyumba ya tofali, tumepiga rangi juzi."

Nilijibu kwa fahari kabisa.

Nikahamisha jiko mbali. Nikauza kuku. Nikatoa mikeka yote. Nikakataza wateja wasinifuate nyumbani na manukato yao. Mama akilazwa siku kadhaa hospitalini anapata nafuu, anataniana na wauguzi, anaomba ugali. Akirudi nyumbani, kifua kinaanza tena kulia filimbi.

Hospitali anapona. Nyumbani anaumwa. Nani kati yenu hajaelewa? Mimi sikuelewa.

Ila watu wa saluni waliona wameelewa.

"Da Kabula," mteja wangu Nancy akaniambia siku moja, kichwa chake mikononi mwangu, "huyo bibi jirani yako ameshawahi kuingia ndani kwako?"

"Bado. Kwa nini?"

"Hata siku moja?"

"Hajawahi."

"Jiulize basi. Mtu anakula chakula chako, ndani haingii. Na yale macho."

"Nancy, acha mambo yako."

"Mimi nimesema tu. Mama alikuja mzima."

Nililicheka lile neno, lakini nilirudi nalo nyumbani. Jioni ile bibi Benadetha akanisalimia kwenye ua, mwadila mayu, na mimi nikaitikia nikiwa nimeshampa mgongo.

Wasiotoka huku wanaweza kuona ni umbea wa kawaida. Sio. Usukumani neno la uchawi kama lile likimwangukia ajuza anayeishi peke yake, halirudi mikono mitupu. Kuna bibi waliozikwa kwa sababu ya neno tu.

Likafika kwa mjomba Mayige. Mjomba akaja, akakaa sebuleni, akazungusha maneno, kisha akasema:

"Dada yangu haumwi ugonjwa wa hospitali. Kuna mtaalamu namfahamu, upande wa Mwandoya. Twende tukajue ni nani."

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mama akatoka, ameshika ukuta, pumzi zinakatika.

"Mayige."

"Naam, dada."

"Ukienda huko usirudi kunizika."

"Dada, mimi nakutetea..."

"Atakayemgusa Benadetha amenigusa mimi. Umesikia? Na wewe Kabula, umesikia?"

Sijawahi kumwona mama vile. Alikohoa mpaka akakaa chini. Na kuanzia kesho yake, kila mchana mvua ikikatika, alitoka na kigoda chake akaenda kukaa kwenye ua na bibi Benadetha. Wanaongea Kisukuma cha kale, cha chini chini. Nikipita, wananyamaza.

Mama alifariki masika hayo hayo, asubuhi mvua ikinyesha, gari la kumpeleka hospitali likiwa limekwama kwenye tope mlangoni. Tuliinunua ile nyumba ili tuwe karibu na hospitali.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo kuhusu asubuhi ile. Mnisamehe.

...

Sasa turudi kwenye chumba, mkono wangu ukiwa umejaa plasta.

"Joakim," nikasema. "Ulijua?"

"Dada, tutoke nje tuongee."

"Tutaongea hapa hapa, mbele ya vitenge vya mama."

Violeth ndiye aliyeanza kulia.

"Wifi, mama yangu aliumwa humu. Kila masika. Kifua, kifua. Baba alisiliba, akapaka, akasiliba, haukupona. Alivyohamia Malampaka mama akapona."

"Na ulimwambia mumeo?"

"Nilimwambia."

"Lini?"

Akajifuta macho kwa kanga.

"Lini, Violeth?"

"Kabla hamjanunua."

Shangazi mmoja akaangusha kitenge alichokuwa amekishika.

Nikamgeukia Joakim. Mwanaume mzima, ana ndevu, bado amekumbatia godoro.

"Mzee aliniambia nikimpatia mnunuzi," akasema, "ng'ombe waliobaki atanisamehe. Nimchukue mke wangu na watoto. Dada, nilifikiri ni unyevu tu. Nilifikiri fundi mzuri atamaliza. Nilijua mama atalala cha kati..."

"Kwa hiyo cha nyuma ulijua atalala Wema."

Akaliegemeza godoro ukutani, akajishika kichwa.

"Mahari yako umelipa kwa pumzi za mama."

"Dada..."

"Toka. Wewe na mkeo. Usikanyage tena hapa, na siku nikifa usije."

Walitoka mvua ikinyesha. Hakuna aliyewapa mwavuli. Shangazi zangu nao wakafunga mizigo yao haraka haraka, maana hakuna anayependa kukaa penye laana.

Jioni ile nyumba yangu ilikuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu niwe na nyumba. Wema aliuliza, mama, wageni wako wapi? Nikampakulia chakula.

...

Bibi Benadetha alikuja baada ya wiki. Mchana, jua limetoka kidogo. Alisimama mlangoni kwangu.

"Nina neno, mjukuu wangu. Nyanjige alinikataza akiwa hai. Sasa hayupo wa kunikataza."

Nikamletea kigoda.

"Mama yako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Chumba. Tangu siku ile mlipohamia. Nyanjige amezaliwa mbugani, udongo mweusi anaujua kwa pua. Waliumwagia kifusi cha moramu juu ili uonekane mwekundu, ukaonekana mwekundu kwenu nyinyi watu wa mjini. Yeye alinusa akajua chini kuna nini."

"Bibi, kama alijua, kwa nini alikiomba?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga.

"Ulisema unamlaza nani humo?"

Wema.

Binti yangu Wema, ambaye naye anabanwa kifua kidogo kidogo usiku wa baridi, karithi kwa bibi yake. Nilikuwa nimempangia kile chumba. Nilishamnunulia hadi shuka za katuni.

Nilikaa chini pale pale kwenye simenti.

"Kwa nini hakuniambia tu? Ningekifunga. Angelala kwangu, tungelala watatu..."

"Ungeuliza nyumba imekujaje vile. Ungefika kwa Joakim. Kijana mwenyewe alikuja kwake mvua zilipoanza, analia, anataka kukueleza. Mama yako akamwapisha asiseme."

"Akamwapisha?"

"Alisema Kabula nampenda, lakini Kabula ana mdomo. Likimfika Kabula, kesho liko saluni, keshokutwa liko Malampaka. Masunga atachukua binti yake kwa aibu, wale watoto watagawanywa, na Kabula hatazungumza tena na mdogo wake. Akasema bora avumilie. Pamba ikiuzwa Joakim atabomoa ule ukuta, aujenge upya, yaishe kimya kimya. Alikuwa anaingoja pamba, mjukuu wangu."

Nilishindwa hata kulia.

Mji mzima unauamini mdomo wangu kwa habari za watu. Mama yangu hakuweza kuuamini kwa pumzi zake mwenyewe.

"Na wewe, bibi? Wewe uliijua hii nyumba miaka yote. Ulikataa hata kuingia."

"Nilikataa kwa sababu nina kifua kama chake."

"Kwa nini hukunionya?"

Hakukasirika. Alinijibu taratibu tu.

"Mimi? Mjane, peke yangu, na macho haya? Ningekuja siku ya pilau nikasema, Kabula, chumba hiki kitamuua mama yako. Halafu mama yako akafa. Ungesema nilikuonya, au ungesema nilimroga?"

Nikakumbuka jioni ile nilipompa mgongo.

"Nilimwambia yeye peke yake, pale kwenye ua," akaendelea. "Nikamwambia ondoka humo. Akaniambia, nyamaza Benadetha, usimwambie mtu yeyote. Nikifa, watamtafuta aliyesema."

Akasimama. Akajifunga vizuri kanga yake, akaenda zake.

...

Ndiyo hivyo, ndugu zangu. Nyumba ilijaa watu kila siku, na kila mmoja alikuwa amebeba kipande cha ukweli, ameficha kwa sababu nzuri. Joakim kwa mke wake. Violeth kwa baba yake. Bibi kwa uhai wake. Mama kwa ajili yetu wote. Hakuna hata mmoja aliyemchukia mwenzake. Na mtu akafa.

Mnaotafuta nyumba msimu huu, nawaomba. Mkipendezwa na nyumba kiangazi, msilipe. Subirini mvua, hata kama muuzaji ananuna, hata kama anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho. Sogezeni makabati. Ukuta mmoja ukinukia rangi mpya kuliko kuta nyingine, muulize mwenye nyumba ukuta huo umekosa nini. Msingi usipowekewa nailoni juu yake kabla ya kuanza ukuta, na chini kukiwa udongo wa mbuga, maji yanapanda kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi, na hakuna rangi itakayoyazuia. Rangi inayafungia ndani tu. Mimi nimeyajua hayo yote sasa, wakati hayanisaidii.

Na msinunue nyumba ambayo heshima inawazuia kufungua mlango wake. Kama ni ya mkwe, mwambieni mkwe, baba, shikamoo, kuku wako mtamu, sasa naomba funguo.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Mtu mzee akikuambia hapana, mimi nitalala huku, usicheke. Kaa naye chini. Muulize kwa nini, halafu muulize tena.

Kile chumba nimekibomoa. Nimebaki na vyumba viwili na uwanja wa udongo pale nyuma. Bibi Benadetha siku hizi anaingia mpaka sebuleni, anakunywa chai, anamfundisha Wema kusuka ukili. Nancy alipomwona mara ya kwanza akataka kusema kitu. Nikamwambia Nancy, kichwa chako bado kiko mikononi mwangu.

Na sasa naongea na mtu mmoja, nyinyi wengine mnaweza kusoma tu.

Joakim, nimesikia mko Malampaka, mnakaa kwa mzee Masunga, na hamli vizuri. Najua unasoma ninachoandika, maana taa ya kijani ya Violeth inawaka mtandaoni kila nikiposti.

Sijakusamehe. Nisikudanganye. Kuna siku naamka nimekusamehe, mpaka chai ikichemka nimeshaghairi.

Lakini mama alilala kwenye chumba kile akijua, ili mimi na wewe tusifike hapa. Na tumefika. Kila siku tunayokaa bila kusemezana, ni kama tunamwambia mayu, ulikohoa bure.

Kwa hiyo njoo. Mlete wifi na watoto. Njoo Jumapili mchana, watu wakiwa wamejaa, maana tukibaki wawili tu bado sijiamini.